Kikapu Kilichopitia Mjini

Kila asubuhi, kabla jua halijapata moto juu ya mabati ya mtaa wa Makanyagio, Odeta alifanya mambo manne kwa mpangilio uleule, kama mtu anayesali rozari. Alifagia chumba chake cha kupanga. Alichemsha chai ya tangawizi. Alitoa viazi vitamu viwili vilivyobaki jana, akaviweka kwenye sahani. Kisha alivaa hedifoni, akafungua kompyuta, akaandika dakika kumi za maongezi ya watu wengine, neno kwa neno na pumzi kwa pumzi.

Dakika kumi hizo ziliweza kula asubuhi nzima. Mtu akikohoa, aliandika kwamba amekohoa. Akinyamaza, alihesabu sekunde za ukimya. Jogoo akiwika katikati ya maneno ya mtu, jogoo naye alipata mstari wake. Wapangaji wenzake waliomchungulia dirishani walimwonea huruma: binti mzuri, msomi, anakaa peke yake kuandika majogoo.

Lakini hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imsogeze kwenye shahada ya udaktari wa lugha, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Alikuwa akichunguza namna watu wa Katavi wanavyoombana vitu: Wapimbwe kule Usevya, Wasukuma kwenye mazizi yao, na Warundi wa Katumba, makazi ya wakimbizi wa zamani, alikozaliwa yeye mwenyewe. Alikuwa na saa mia moja na kumi na mbili za sauti, na katika saa zote hizo mtu mzima aliyesema "naomba" akamaliza hapohapo alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Watu huzunguka. Anasifia kuku wako, anaulizia mvua, analaumu panya wa ghalani, mpaka wewe mwenyewe unajikuta umesimama kumletea mahindi ambayo hakuyataja.

Huenda alilichagua somo hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kuomba. Darasa la tatu aliwahi kukaa na kiu tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho kwa kuona haya kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda bombani. Mama yake alicheka aliposikia, kisha akamtia kifuani kwa muda mrefu.

Ijumaa hiyo hakuandika dakika mpya. Alikuwa amerudi kwenye rekodi namba ishirini na saba, ambayo aliijua kwa moyo. Aliichukua mwezi wa Novemba nyumbani kwa Séverine, jirani wa mama yake kule Katumba. Odeta alikuwa na desturi yake ya kazi: alikiweka kinasa sauti juu ya kabati, wenye nyumba wakikiona kabisa, kisha yeye akatoka nje, ili watu wamsahau na kuongea kama wanavyoongea siku zote. Siku hiyo aliyekuja kumtembelea Séverine alikuwa mama yake Odeta, Médiatrice. Wazee hao wawili wakaongea dakika thelathini na nane, na mwishoni Séverine akaahidi kutoa mbegu ya mihogo ambayo mgeni wake hakuwa ameiomba hata mara moja. Msimamizi wa Odeta chuoni, Dakta Hezron, alipoisoma aliandika pembeni: hapa ndipo ilipo tasnifu yako. Sura yote ya nne ikasimama juu ya rekodi hiyo, kama nyumba iliyosimamishwa juu ya nguzo moja.

Na nguzo hiyo haikuwa na saini. Odeta alimsainisha kila mtu, hadi watu waliopita tu kuomba moto, ila mama yake hakumsainisha. Mama si ni mama, alijiambia, nitamsainisha siku yoyote. Sasa Dakta Hezron alikuwa ameandika jana jioni, kwa upole wake wa kawaida, kwamba kamati ya maadili haipokei sauti isiyo na ridhaa. Fomu ya mama ifike Jumatatu. Isipofika, namba ishirini na saba inatoka, sura ya nne inatoka nayo, na Odeta anarudi kijijini kutafuta upya kwa mwaka mwingine mzima.

Alikuwa amefika dakika ya kumi na moja aliposikia mlango ukigongwa kwa kiganja.

"Hodi. Daktari yupo, au yuko kwa wagonjwa?"

Alivua hedifoni haraka hadi chai ikamwagika kidogo mezani. Mlangoni alisimama Séverine mwenyewe, ambaye wengi walimwita Mama Arcade kwa jina la mwanawe wa kwanza: mnene, mcheshi, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, na kichwani kikapu kilichosukwa kwa nyasi laini, chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaandika watu wanavyokohoa?"

"Bado, mama."

"Mwaka wa ngapi huu? Tembo wa hifadhini kabeba mimba, kazaa, mtoto kaanza kung'oa miti, wewe bado tu."

Odeta alicheka akitazama chini, akampokea kikapu. Kilikuwa kizito. Kiti pekee cha chumba kilijaa karatasi, kwa hiyo Séverine akaketi kitandani, akapewa chai, akaanza. Alisimulia mvua zilivyokatika mapema. Alisimulia maharage yalivyokubali mwaka huu. Akafika kwenye kwaya ya kina mama, ambayo kwa maoni yake ilikuwa na sauti tano na nia tano, na akamaliza na pikipiki mpya ya Ladislas, bodaboda wa kijijini, ambayo breki zake zinalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Odeta alisikiliza. Kwa mazoea ya kazi, kichwa chake kilikuwa kikihesabu zamu za maongezi bila yeye kukituma.

Hatimaye Séverine aliweka kikombe chini. "Hicho kikapu ni cha mama yako," alisema. "Kesho utampelekea."

"Kilifikaje kwako, mama?"

"Alikuja nacho. Siku ile uliyoacha mashine yako kabatini, ukaenda uani kubangua karanga na wanangu."

"Kikiwa na nini?"

"Unga wa mtama." Séverine aliyasema hayo akikitazama kikombe kilichokwisha chai, kama vile majibu mengine yamebaki humo. "Mimi nimeweka maharage. Kikapu hakirudi kitupu."

Kisha akainuka, akasema anawahi sokoni kutafuta dawa ya kuku, akamshika Odeta shavu kwa mkono wake mgumu wa jembe, akaenda zake.

Odeta alirudi mezani, lakini hedifoni hakuivaa. Alikitazama kikapu.

Nyumba ya Séverine na ya mama zilitazamana. Katikati yake palikuwa na kishamba cha karanga tu. Mmoja akipiga chafya, mwenzake alimwombea afya bila kuinuka alipoketi. Kutoka mlango hadi mlango, kikapu hicho kingetembea hatua mia mbili. Badala yake kilipanda pikipiki, kikaja mjini, kikapita soko na stendi na vichochoro vyote vya Makanyagio, ili kesho kigeuzwe kirudi palepale kilipotoka. Mtu hafanyi safari hiyo kwa ajili ya kikapu.

Na jambo la pili lilikuja nyuma ya la kwanza. Kwao Katumba kikapu chenye kifuniko hakibebwi kwa jambo dogo. Mtu hukibeba akienda kumwona mzazi, akienda kuposa, akienda kuomba kitu ambacho akinyimwa kitamuuma mpaka mifupani. Kuhusu mbegu ya mihogo, mtu hupaza tu sauti kutoka upande huu wa karanga, na yule wa upande wa pili huchukua panga. Mama yake hakubeba unga wa mtama kwa ajili ya mihogo.

Alimkumbuka Mzee Gelasius, mkulima wa mpunga kule Usevya, mtu wa utani usiokwisha. Siku alipomaliza kusaini fomu yake, na baada ya kuuliza kama saini hiyo inaleta ng'ombe au inapeleka, alikinyanyua kinasa sauti kwa vidole viwili. "Binti," alisema, "chombo chako hiki ni kama kipofu aliyealikwa harusini. Atakuimbia nyimbo zote. Ila usimuulize bibi harusi alivaa nini." Mkewe Emerensiana alicheka hadi akakaa chini. Odeta naye alicheka, na jioni akauandika utani huo kwenye daftari lake kama mfano mzuri wa tashibiha. Hakufikiria kwamba mzee alikuwa anampa ushauri wa kitaalamu.

Alivaa hedifoni. Akarudisha hadi dakika ya kumi na nne.

Alikuwa ameisikia sehemu hiyo labda mara hamsini. Mama anaulizia hali ya kuku. Séverine analalamikia mwewe. Kisha kikombe kinaanguka sakafuni, na Séverine anasema, "Acha, acha, nitaokota mimi." Halafu ukimya. Odeta alikuwa ameuandika kwa usahihi wote: sekunde kumi na tisa. Baada ya ukimya, sauti ya mama, nyepesi, kama mtu anayezungumzia habari za wengine: "Njia ya kanisani imekuwa ndefu siku hizi."

"Nitapita," anajibu Séverine. "Kila Jumapili nitapita."

Na mama hapohapo: "Na ile mihogo yako nyeupe, inaendeleaje?"

Katika sura ya nne, Odeta alikuwa ameipita njia ya kanisani kwa mstari mmoja. Maongezi ya kujaza nafasi, aliandika. Kile kikombe alikiweka kwenye kundi la kelele za nje, pamoja na mbwa na mvua. Kisha akaeleza kwa kurasa kumi na moja namna ombi la mihogo lilivyokuja baada ya zamu sitini na mbili, na namna lilivyokubaliwa. Sasa aliisikia mihogo kwa namna nyingine. Ilikuwa kama khanga ambayo mtu anajitupia mabegani haraka kwa kuwa mgeni ameingia ghafla. Ombi lilikuwa limekwisha kuombwa kabla ya hapo, na limekwisha kukubaliwa.

Njia ya kanisani haikuwa imerefuka. Ilikuwa ileile, ikipita nyuma ya shule, ikivuka kijito kwa magogo mawili.

Akayaona sasa mambo ambayo macho yake yalikuwa yameyabeba bila kuyafungua. Pasaka, mama alisoma somo kanisani kama alivyokuwa akisoma tangu Odeta akiwa mtoto. Alisimama wima, kitabu wazi mikononi, akatoa aya zote bila kukosea, na macho yake yalikuwa juu ya vichwa vya watu muda wote. Waumini walimpongeza kwa kulihifadhi somo. Odeta alijivuna.

Na fomu. Mara ya kwanza, Januari, mama alisema ana unga mikononi, aiweke tu pale. Februari alisema miwani iko kwa fundi. Siku ya Pasaka yenyewe, Odeta alipojikaza akaitoa tena, mama alisema kalamu hiyo haina wino mzuri, na tena karatasi haisainiwi sikukuu. Odeta aliirudisha fomu kwenye mkoba bila kubisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, katika sura ya tatu, kwamba mtu akikupa sababu tatu amekukatalia. Akaona basi mama anakataa, na akaona anajua kwa nini. Watu wa umri wa mama kule Katumba walikuwa wamesubiri karatasi kwa miaka mingi kuliko umri wa Odeta. Cheti cha uraia cha mama kilikaa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, chini ya nguo za sanduku. Mtu kama huyo haweki jina lake juu ya karatasi ngeni kwa wepesi. Hayo yalikuwa maelezo mazuri, yenye historia ndani yake. Yangependeza hata kwenye tanbihi.

Unga, miwani, kalamu. Kumbe zilikuwa sababu tatu za kutotazama.

Odeta alifunga kompyuta. Viazi vilibaki kwenye sahani hadi nzi wakavigundua.

Jumamosi asubuhi alipanda pikipiki ya Ladislas, kikapu mapajani. Fomu ilikuwa mkobani. Alikuwa ameitoa mara mbili na kuirudisha mara mbili, na njia nzima, huku upepo ukimtoa machozi ambayo hakuwa na uhakika kama ni ya upepo, alijiambia kwamba haitatoka tena. Sura ya nne kama ni ya kuanguka, na ianguke. Alikuwa ameandika kurasa kumi na moja juu ya mama yake bila kumwona.

Kilichomtisha kilikuwa kingine. Alijua namna ya kumzungukia mtu. Alikuwa amesoma vitabu juu yake. Angeweza kuanza na mvua, apitie maharage ya Séverine, aguse kwaya. Mama naye angepita nje ya maneno yake kwa ustadi uleule, na jioni wangeagana kwa upendo, kila mmoja na mzigo wake kichwani.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, ungo wa mchele mapajani, akichambua. Vidole vyake vilitembea haraka juu ya mchele, vikakamata kijiwe, vikakitupa pembeni. Uso aliuelekeza kwenye njia.

"Breki za Ladislas hizo," alisema kabla Odeta hajafika barazani. "Siku moja zitamwamsha padri kaburini. Karibu, mwanangu. Umekonda?"

Odeta alisimama. Swali hilo mama alikuwa hajawahi kuliuliza. Miaka yote alilisema kama hukumu: umekonda.

"Sijakonda, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo ukae."

Alivua viatu akaketi mkekani. Chini ya baraza zilikuwa kandambili za mama, moja ya bluu na moja ya kijani. Ladislas alisalimia kutoka juu ya pikipiki, akageuza, akaondoka na kelele zake. Ng'ambo ya shamba la karanga moshi ulikuwa unapanda kutoka jikoni kwa Séverine, na hapakuonekana mtu, ingawa Odeta aliamini kabisa kwamba mtu yupo na anatazama.

Akaweka ungo pembeni, akakiweka kikapu mapajani mwa mama.

Mikono ya mama ilikwenda kwenye kifuniko, ikakizunguka, ikashuka ubavuni hadi kwenye ukingo ambapo nyasi zilikuwa zimeanza kukatika.

"Hiki kilikuwa kwa Séverine."

"Alikileta mjini jana. Mpaka chumbani kwangu."

"Mjini." Mama aligeuza uso kuelekea ng'ambo ya karanga. "Mtu anakaa pale, anapeleka kikapu mjini, ili kirudi hapa."

"Ndiyo, mama."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alizungumzia maharage."

Mama alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. "Nilimwapisha asifungue mdomo," alisema. "Kafungua kikapu."

Odeta naye akacheka, na kwa muda mfupi ikawa rahisi, kama siku nyingine yoyote. Maneno ya mvua yalikuwa tayari kwenye ulimi wake. Aliyahisi yamejipanga. Ingetosha kusema mwaka huu zimekatika mapema, na mama angeyadaka, na wangetembea nayo hadi wakati wa chakula.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo kama ya darasa la tatu. "Njia ya kanisani imekuwa ndefu tangu lini?"

Mikono ya mama ilisimama juu ya kifuniko.

Kichwa cha Odeta kikaanza kuhesabu, kwa mazoea. Tano. Kumi. Kuku alipita barazani akadonoa kijiwe cha mchele, akakiacha. Kumi na tano. Kumi na tisa. Hapo Odeta akaacha kuhesabu. Alisogea hadi goti lake likagusa goti la mama, akakaa hivyohivyo.

"Sioni, Odeta," alisema mama.

Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo wa kuni. Baada ya hapo mengine yalikuja yenyewe. Ilianza kipupwe cha mwaka jana. Mwanzoni alidhani ni moshi wa jikoni. Aliosha macho, ukabaki. Kisha ikawa kama mtu amemimina maziwa juu ya kila kitu. Sasa aliona mwanga, na mtu akipita aliona kivuli cha mtu. Zahanati walimwambia ni mtoto wa jicho, kwamba anaondolewa na wengi huona tena, na kwamba madaktari wa macho wakija mjini ataitwa. Alikuwa anasubiri. Kusubiri alikujua. Ila magogo ya kijitoni yalimshinda, ndipo akasaga mtama, akabeba kikapu.

Odeta aliuliza kwa nini amwombe Séverine na asimwambie yeye, na alipouliza tu akajua jibu, maana tayari mdomo wake ulikuwa umefunguka kusema atamwandikia Dakta Hezron aahirishe masomo, arudi nyumbani. Mama aliinua kiganja kuuziba mdomo huo, akaukosa kidogo tu.

"Ndilo hilo nililokuwa nalikimbia," alisema. "Ungefunga vitabu siku ileile. Nakujua. Ulikaa na kiu kutwa nzima ili usimsumbue mwalimu."

Odeta alifungua kikapu, akachota maharage kiganjani, akamwekea mama mkononi. Yalikuwa makubwa, yenye madoa. Mama aliyapitisha kati ya vidole, akasema Séverine amechagua yaliyo bora, mnafiki yule, na yeye kwake atakula yaliyotobolewa na wadudu.

Kisha akasema, "Ile karatasi yako iko wapi?"

"Mama, si lazima. Nitaitoa hiyo rekodi. Humo mna mambo yako. Mna kile kikombe."

"Kikombe kilianguka. Na ijulikane kwamba kilianguka." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Nimeuliza iko wapi."

Odeta aliitoa mkobani. Ilikuwa imekunjika pembe kwa safari zake za bure. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaishika mbele ya uso kama alivyokuwa akishika kitabu kanisani, akapitisha kidole gumba juu yake kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na kitu cha kuhisi. Ilikuwa karatasi laini tu. Ukurasa wa pili wa fomu hiyo ulieleza kwamba asiyeweza kusoma anaweza kusomewa, akajibu kwa mdomo, na sauti yake ikatosha. Odeta alikuwa ameusoma ukurasa huo kwa watu wengi, Usevya na kwingineko, wazee kwa vijana. Haikuwahi kumjia kwamba ungemhusu mwanamke aliyemfundisha herufi kwa kijiti kwenye vumbi la baraza hii.

"Mara zote tatu neno la kukuomba lilikuwa moja tu," mama alisema. "Nikakwambia unga. Nikakwambia miwani. Nikaisingizia kalamu ya watu." Akaigeuza karatasi kidogo, akairudisha taratibu mikononi mwa binti yake. "Nisomee."